Bugali Ambao Astrid Hakuuonja

Kwenye kilima kinachoutazama mji wa Pinga upande wa mawio, watu hawanywi kitu kisichoonjwa. Mgeni wa mbali angedhani ni adabu, kumbe ni woga uliovaa nguo za adabu. Anayekuletea kasiksi, pombe ya ndizi, hupiga funda la kwanza yeye mwenyewe, mbele ya macho yako, nawe unamtazama koo mpaka uone limemeza, ndipo unapopokea kikombe. Anayepakua sombe, mchuzi wa majani ya muhogo, hulamba mwiko kwanza. Mgeni asiyeonjewa hushinda na njaa yake mpaka aage, na kesho yake kilima kizima kinajua kwamba nyumba fulani ina jambo.

Jambo hilo lina jina: karuho. Watu husema ni sumu inayofichwa chini ya ukucha, ikadondoshwa ndani ya kikombe cha jirani na kumla polepole, mpaka abaki mifupa inayokohoa. Hakuna aliyewahi kuiona. Lakini hakuna ukoo usiokuwa na kaburi linaloitwa la karuho, na kila kaburi la namna hiyo lina jirani mmoja ambaye hasalimiwi tena.

Astrid alikuwa na kaburi lake. Mume wake, Raphaël, alirudi kutoka matangani akiwa mzima, akaanza kuvimba tumbo, akamalizika kabla maharagwe ya msimu ule hayajavunwa. Hakupimwa popote. Watu walimwambia mjane kwamba ni karuho, naye aliamini, kwa sababu ni rahisi kumchukia mtu kuliko kuchukia ugonjwa usioujua. Tangu hapo alifunga kila Ijumaa mpaka jua lizame, akimwombea marehemu, na tangu hapo hakula kwa mtu bila kuonjewa.

Alikuwa mwanamke wa neno moja. Hakusengenya, hakuazima jembe akachelewa kulirudisha, na shamba lake la maharagwe na mihogo lilikuwa safi kama uwanja wa kanisa. Ndiyo maana watu wakaanza kumwita kwenye arusi na matanga ili aonje kwa niaba ya wote. Alikuwa akija, akikaa mahali pake karibu na vyungu, akionja sombe, akionja kasiksi, akifuta midomo kwa ncha ya kitenge. Hapo minong'ono ilikwisha na watu wakala. Vijana walikuwa na mzaha wao: "Mama Astrid akisha kuonja, hata shetani anaomba sahani."

Heshima kama hiyo ni tamu, na kitu kitamu hupofusha. Astrid alikuja kuamini kwamba ulimi wake unaujua uovu wote unaoweza kuingia katika chungu.

Mwaka tunaousimulia, wenye bunduki walikuwa wakipita mlimani mara kwa mara. Hawakukaa; walipita, na kilichokuwa njiani kilikwenda nao. Mihogo ya kilima kile ni ile michungu. Watu huipenda kwa sababu huzaa sana na nguruwe wa porini hawaigusi, lakini ina sharti lake, na kila msichana wa pale hulijua kabla ya kuijua sala ya jioni. Huimenyi leo ukaila leo. Unaimenya, unailaza katika dimbwi la kijito, unaiacha siku baada ya siku mpaka ilainike, itoe povu na harufu ya kuoza, nyuzi zichomoke kwa vidole. Hapo unaianika juani mpaka ikauke kabisa, ndipo unaitwanga. Mama yake Astrid alikuwa akisema kwamba muhogo ambao haujanuka haujawa chakula.

Lakini dimbwi liko mbali na nyumba, na mihogo iliyolala majini hailindwi. Wanawake walikuwa wakifika asubuhi na kukuta maji matupu. Astrid alipoona dimbwi la jirani limefagiliwa, aliingiwa na hasira kuliko hofu. Ya kwake ilikuwa imelala usiku mmoja tu. Aliitoa yote, bado migumu, bado myeupe na bila harufu, akaipandisha nyumbani kwa kikapu. Jua halikuwapo, ukungu ulikuwa umekaa juu ya kilima kama mtu aliyekataa kuondoka. Basi akaikata vipande vyembamba, akaipanga juu ya uchanja wa jikoni, akaikausha kwa moshi na moto, kisha akaitwanga. Alijiambia kwamba moto unamaliza vyote. Alikuwa mtu wa kanuni, na siku hiyo kanuni moja aliiweka pembeni, kwa haraka, bila kumwambia mtu.

Ijumaa asubuhi, mke wa mwanawe, Kavuo, aliusonga ule unga. Kavuo alikuwa binti wa wafanyabiashara wa Butembo, mcheshi, mwenye sauti ya kuita wateja. Mume wake, Omate, alikuwa mbali akichimba madini, na hakuwa amerudi tangu mvua zianze. Nyumbani walikuwa watatu tu: Astrid, Kavuo, na mtoto Nadine, ambaye meno yake ya mbele yalikuwa ndiyo kwanza yameng'oka.

Bugali ulipokuwa bado jikoni, jirani yao Mukagasana alibisha hodi. Alikuwa mjane pia, aliyefika pale akitokea upande wa Karuba, vita vilipomsukuma yeye na mbuzi wake. Aliongea kidogo, na lafudhi yake ya Kinyarwanda ilitosha kuwafanya watu wengine wamsikilize vibaya.

"Mama Astrid, moto yangu imezimika. Naomba kaa moja."

"Ingia, kaa iko."

Mukagasana aliinama karibu na sufuria, akachukua kaa katika kigae. Alipoinuka, alimwona Nadine akingoja na sahani yake kifuani.

"Huyu mutoto anaanza kunona," alisema. "Mungu amuchunge."

"Ananona sababu ya Koko wake," Kavuo akacheka. "Ukimuachia sufuria, anakula na sufuria yenyewe."

Mukagasana akaondoka na moto wake. Astrid akachovya kidole katika sombe na kukilamba.

"Mama," Kavuo akasema, "iko siku Mungu atakuuliza ile sombe yote ulilamba siku ya Ijumaa."

"Kuonja haivunje mufungo. Pakua."

Alionja sombe peke yake. Ndivyo mila ilivyo: mwonjaji huonja mchuzi na kinywaji, mahali ambapo mkono mbaya unaweza kujificha. Bugali hauonjwi. Ni unga na maji, nani angeutilia shaka?

Mtoto alikata tonge la kwanza, akamkunjia bibi yake uso. "Koko, hii bugali iko kali."

"Kula. Mu hii nyumba hatuchague chakula."

Kavuo naye aliusikia ule uchungu nyuma ya ulimi. Alinyamaza, kwa sababu mke wa mtu hausemi vibaya unga uliotoka mkononi mwa mama mkwe. Alikula kidogo akasukuma sahani. Nadine alikula chake, akala cha mama yake, kisha akakwangua ukoko. Mabaki ya ukoko aliyatupia mbwa.

Astrid akashuka shambani kupalilia.

Ukungu ulikuwa mzito hata hakuona mwisho wa tuta lake. Mahali fulani chini ya kilima mtu alikuwa akitwanga, na mapigo ya mchi yalifika yakiwa yamefunikwa, kana kwamba mtu anagonga kutoka ndani ya ardhi. Kisha yakakoma. Astrid akainua kichwa. Hakusikia jogoo, wala mtoto, wala redio ya mtu yeyote. Akaona kwamba anaogopa, na hakujua anaogopa nini. Akaokota jembe, akapanda.

Cha kwanza alichokiona uani ni mbwa. Alikuwa akizunguka ghala, polepole, kichwa kimeinama upande mmoja, bila kubweka. Alizunguka, akaanguka, akainuka, akaendelea kuzunguka, macho yake yakimtazama Astrid kila alipopita na kutomwona.

Kavuo alikuwa kizingitini, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Mbele yake alikuwa ametapika. "Mama, kichwa inapasuka. Muone mutoto. Muone Nadine kwanza."

Nadine alikuwa ameegemea ukuta, ndani. Alihema haraka haraka kama aliyekimbia, na hakuwa amekimbia. Alimgeukia bibi yake akatabasamu kidogo, tabasamu lisilokuwa lake.

"Koko," alisema, "kwani muko wawili?"

Astrid akatazama nyuma. Hapakuwa na mtu.

"Masikio yangu inapiga filimbi," mtoto akasema, kisha magoti yakamwishia, akaketi chini, akatapika.

Astrid alimbeba mpaka kwenye mkeka. Akasimama juu yake, na hapo, badala ya kufikiri, akakumbuka. Akamkumbuka Raphaël. Akakumbuka matanga yale na kikombe ambacho hakukionja.

"Mumekula nini?"

"Bugali na sombe tu," Kavuo akajibu. "Mama, twende hopitali. Tumwite Mumbere na pikipiki yake, atatufikisha Pinga mbio."

"Sombe nilionja miye mwenyewe. Unaniona naanguka? Chakula iko safi."

"Sijasema chakula…"

"Nani aliinama ku sufuria?"

Wazo la namna hiyo halibishi hodi. Hukuta mlango umeshafunguliwa zamani. Mukagasana aliinama karibu na sufuria. Mukagasana alimsifu mtoto unono. Astrid alihisi mambo yote yakikaa mahali pake, na utulivu ule ulimfariji. Afarijikaye kwa kumpata mkosaji, na mgonjwa bado hajapata msaada, amekwisha kupotea njia.

Aliyeitwa alikuwa Séraphin. Huyu alikuwa mtoa karuho, mtu mnene, mwenye kofia ya sufu na mfuko wa mizizi, aliyependa kuchekesha wagonjwa kabla ya kuwatapisha. Alikuja haraka. Na nyuma yake walikuja watu ambao hawakuitwa. Walitokea katika ukungu mmoja mmoja, wakasimama kando ya ua.

Séraphin alifungua jicho la mtoto kwa kidole gumba. "Eh, karuho njo hii. Na mupya kabisa, ingali na harufu ya ukucha."

"Papa Séraphin, miye nilisema hopitali," Kavuo akasema kutoka sakafuni.

"Hopitali? Muntu wa Butembo anapenda kununua tu, hata kifo ananunua! Mwenye karuho akipigwa sindano, jioni munachimba shimo. Uliza hapa inje."

Watu wa nje wakaitikia kwa vichwa. Ndivyo inavyosemwa pale, na maneno hayo yamewachelewesha wengi mpaka hapakuwa tena na haja ya sindano wala ya mizizi.

"Nitamutapisha," Séraphin akaendelea, akikoroga maji yake ya kijani. "Lakini aliyemufunga na hii karuho, lazima amufungue. Mama Astrid, bugali ilibaki?"

"Ilibaki."

"Umupelekee. Akule mbele ya bantu. Akikataa, tumeshamujua."

Astrid akachukua bakuli lenye kipande kilichobaki, akatoka. Wale watu wakamfuata. Njia ni fupi, lakini katika ukungu ule ilionekana kunyooka mbele yake bila mwisho, na nyuma yake hakusikia sauti ila nyayo, na mara moja moja mlio wa mtu anayeinama kuokota jiwe.

Mukagasana alikuwa akimkamua mbuzi. Aliinuka taratibu. Alitazama bakuli, akatazama mikono ya watu, akaelewa. Mtu aliyekimbizwa mara moja hahitaji kuelezwa mara ya pili.

"Nani anagonjwa?"

"Unajua," Astrid akasema. "Nadine. Kula hii."

"Nadine?" Uso wake ukabadilika. "Anagonjwa nini?"

"Kula!" sauti ya kijana ikatoka nyuma. "Hapana kuuliza kama polisi!"

Mukagasana akanyoosha mkono. Akalipokea bakuli. Watu wakakaza macho. Akakata tonge, akalifinyanga, akaliinua karibu na midomo. Kisha akasimamisha mkono.

"Mama Astrid," alisema, "hapa kilimani nimekaa miaka na bado muniita mugeni. Lakini desturi yenu naijua. Mwenye kuleta njo anaonja. Weye ulileta. Onja kwanza, na miye nitakula yote."

Manung'uniko yalipita, yakafa. Hakuna aliyeweza kukataa. Watu wote pale walikuwa wamelelewa na neno hilo, na Astrid kuliko wote.

Ilikuwa Ijumaa, lakini kuonja hakuvunji mfungo. Akakata kipande kidogo kama punje ya haragwe, akakiweka ulimini.

Uchungu ulimjia kutoka mbali. Haukuwa uchungu wa mzizi wala wa dawa. Aliujua tangu akiwa mtoto, siku alipouma muhogo mbichi shambani na mama yake akamfinya mashavu mpaka akautema. Ulikuwa uchungu wa muhogo ambao haujanuka. Akatema. Akatema tena, akapangusa ulimi kwa kitenge, akabaki akitazama vidole vyake.

Akaliona dimbwi. Akaviona vipande vigumu, vyeupe, vikitoka majini. Akaiona mikono iliyovitoa.

Alikuwa akiutafuta mkono, na mkono ulikuwa huu.

Watu walikuwa wakingoja. Ukungu uliwafanya wasiwe na nyuso. Walikuwa vivuli vyenye mawe. Na Astrid alitambua kwamba akisema neno moja tu, au akinyamaza tu, yote yatakwisha kama walivyotaka. Mukagasana angekuwa mchawi. Yeye angebaki Mama Astrid, ambaye ulimi wake haukosei. Ni Nadine tu ambaye asingebaki, kwa sababu pale nyumbani walikuwa wakimtoa sumu isiyokuwamo na kuiacha iliyomo.

"Ni unga yangu," alisema.

"Unasema nini?" mtu akauliza.

"Ni unga yangu! Mihogo niliitoa mu maji mbele ya wakati. Haikuoza, haikuona jua. Nilitwanga hivyo hivyo. Hakuna karuho hapa. Njo miye nilimulisha mutoto!"

Jiwe moja likaanguka chini. Kisha Mukagasana akamshika mkono, bila upole, akamvuta. "Unasimama unatazama nini? Twende! Na bakuli tuibebe, watauliza alikula nini."

Walikimbia. Walipoingia, Séraphin alikuwa amemlaza Nadine chali, amembana taya, kikombe mdomoni. Mtoto alikuwa hajibu tena. Maji ya kijani yalikuwa yakimtoka puani na kooni mlikuwa na sauti ya kukoroma kama chungu kinachochemka mbali.

Astrid akakipiga kikombe kikaruka mpaka ukutani. "Usimuwekee kitu mu kinywa! Huoni hamezi? Unamuzamisha!"

"Mama Astrid, karuho ikishapanda…"

"Iko mihogo, Séraphin! Mihogo! Toka!"

Mukagasana alikuwa ameshamgeuza mtoto alale ubavu, akampangusa kinywa kwa kidole kilichofungwa kitenge, akasikiliza pumzi. "Iko," alisema. "Lakini tumukimbize."

Mumbere, kijana wa pikipiki aliyekuwa akisafirisha bidhaa za wafanyabiashara wa Pinga, aliwasha bila kujadili. Astrid alikaa nyuma yake akiwa amemkumbatia mtoto ubavuni. Bakuli na kibumba cha unga alichokichota jikoni vilikuwa vimefungwa kiunoni mwake. Mukagasana alibaki kutafuta wanaume wa kumbeba Kavuo kwa machela, na wale wale waliookota mawe ndio waliobeba. Barabara ilikuwa tope. Kila walipoteleza Mumbere alisema, "Ongea naye, Mama, usimuache anyamaze," na Astrid akaongea, akaliita jina la mtoto kwenye sikio lililokuwa baridi, na ukungu ukalimeza jina kila alipolitaja.

Muuguzi wa kituo cha afya aliitwa Guy. Alimpokea mtoto, na mikono yake ikifanya kazi, akauliza. Amekula nini? Saa ngapi? Nani mwingine alikula, na nani hakula? Alianza kuumwa baada ya muda gani? Mumemupa nini kinywani? Astrid alijibu kila swali, na lile la mwisho lilimtoa machozi.

"Mizizi gani?"

"Sijui. Papa Séraphin njo anajua."

"Hii itatusumbua, maji ya mizizi iliingia mu mapafu." Alionja unga kwa ncha ya ulimi, akautema. "Ni mihogo, kweli. Inakatia mwili pumzi kutoka ndani. Hapa sina dawa yake yenyewe. Nitamupa serumu ya sukari mu mushipa, nitamuchunga pumzi, na tutangoja. Kama ungekuja wakati alianza kuyumba, ningekuahidi kitu. Sasa siahidi."

Wakangoja. Kavuo aliletwa, akalazwa kitanda cha pili, akiwa na fahamu, akilia kimya kimya. Astrid alisimama kati ya vitanda viwili. Hakuomba kwa sauti. Mtu aliyekuwa akijua kuonja kila kitu alikuwa sasa hajui chochote ila kuhesabu kifua kidogo kinavyopanda, na kila kiliposhuka alidhani hakitapanda tena.

"Mama," Kavuo akasema kwa shida, "uchungu niliusikia mu kinywa. Nilinyamaza. Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Ni miye nilikuzoesha kuogopa," Astrid akajibu. "Tangu leo, ukisikia kitu mu chakula changu, tema mbele ya macho yangu."

Guy alipita, akasikia. "Na mukikumbuka kitu kimoja, mukumbuke hii. Ugonjwa ukishika bantu wa sufuria moja siku moja, ulizeni sufuria kwanza. Jirani, mutamuuliza kesho."

Mwanga ulikuwa ukianza kupungua dirishani Nadine aliposogeza mguu. Kisha akakohoa, akakohoa sana, Guy akamwinamisha, na kitu cha kijani kikatoka. Mtoto akafungua macho. Hakumtambua mtu kwa muda. Halafu akasema, kwa sauti nyembamba kama ya mzee, kwamba anasikia kiu.

Astrid akatoka nje, akakaa chini ukutani, akavuta kitenge usoni.

Nadine alirudi nyumbani pamoja na mama yake, mtoto kifua kikimuuma na miguu bado mizito. Mbwa walimkuta chini ya ghala, ameshakauka. Astrid alichimba shimo, akamwaga ndani yake unga wote uliobaki na kuufunika udongo, ili kuku wasiuguse. Alipoinua kichwa aliwaona watu kando ya ua, wamesimama kama siku ile.

"Anazika dawa yake," sauti ya mwanamke ikanong'ona.

Maana ukweli aliousema mbele ya mawe haukuenea kilimani ukiwa mzima. Watu walibeba nusu yake: Astrid amekubali kwa kinywa chake. Amesema ni mkono wake. Na Raphaël je, mume wake, nani alimpikia? Kwenye arusi iliyofuata hakuitwa. Alipopita kisimani wanawake walifunika ndoo. Séraphin alizunguka akisema kwamba mchawi mkubwa ndiye anayeonja na asife. Mtu pekee aliyekuja nyumbani kwake, akaketi, akala alichopikiwa bila kungoja, ni Mukagasana. Alisema tu, "Miye nimezoea."

Jumapili moja Astrid alikwenda kanisani kama kawaida. Benchi alilokaa likabaki na watu wawili, yeye na Mukagasana. Katekista alipomaliza matangazo, Astrid aliinuka bila kuitwa.

"Mutoto wangu hakulogwa," alisema. "Alikula mihogo niliyotoa mu maji mbele ya wakati, sababu niliogopa wezi. Ukila hiyo, kichwa inauma, unatapika, unaona bantu wawili-wawili, unahema mbio, miguu inakufa. Usingoje. Usimutapishe muntu kwa nguvu. Umulaze ubavu, ubebe ile chakula, ukimbie hopitali. Munaweza kuniita jina munalotaka. Lakini mihogo muiache inuke."

Ukungu ulikuwa umeingia kwa mlango wazi na kukaa juu ya mabenchi ya nyuma. Mama mmoja alimvuta mtoto wake karibu. Mzee mmoja akasema chini chini, "Anakubali tena."

Kisha, kutoka nyuma kabisa, akasimama mama kijana aliyeitwa Noëlla, mtoto mchanga mgongoni. Alikuwa ameshika midomo kwa mkono, na maneno yalitoka kati ya vidole.

"Mama Astrid. Yangu niliitoa ku kijito juzi. Ililala usiku moja tu. Watu ya bunduki walikuwa wanapita…"

"Iko wapi?"

"Iko ku nyumba. Dada yangu alibaki anapikia batoto."

Astrid hakungoja baraka ya mwisho. Alikuwa ameshafika mlangoni, kitenge mkononi, akikimbia kushuka katika ukungu, na nyuma yake kanisa zima likaanza kuinuka.